Kile Kisanduku Tunachokiita Ruta

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, hii ruta uliyonituma ninunue haina intaneti."

Sikumtuma ruta. Wiki moja kabla nilimwambia kwenye simu kwamba kwa kompyuta nne na printa moja angehitaji swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa nyaya, ya matundu manane. Alipofika Kariakoo akaomba "ile yenye matundu manane", akapewa, akaileta dukani kwake, duka la stesheneri lenye mashine ya fotokopi mlangoni na watoto wa shule wanaosubiri kuchapiwa kazi zao. Nyaya akazichomeka mwenyewe. Taa zikawaka kijani, zikachezacheza. Kwa jicho la mtu yeyote kifaa ni kizima. Lakini kila akifungua Google, ukurasa mweupe.

Nikakaa kwenye kompyuta ya kwanza, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Jibu: 169.254.88.12. Nikahamia ya pili: 169.254.31.207. Sikuhitaji kuangalia kingine, maana anwani za namna hiyo kompyuta hujipa zenyewe zikikosa wa kuzigawia. Swichi ilikuwa nzima kabisa, na kompyuta zilikuwa zinaonana zenyewe kwa zenyewe. Iliyokosekana ni ruta, kwa sababu hakuna aliyeiunganisha na swichi hata kwa waya mmoja. Ilikuwa juu ya kabati, inawaka, inarusha WiFi kwa simu ya msaidizi wake aliyekuwa anaangalia TikTok.

Simlaumu mama huyu. Katika mazungumzo yetu ya kila siku vifaa hivi vyote tumevipa majina mawili tu, "ruta" na "WiFi", na tunayabadilisha tunavyotaka. WiFi imekata. Ruta imeisha bando. Niongezee WiFi hapo. Kosa limeanzia kwenye kisanduku chenyewe. Kile ambacho kampuni ya intaneti inakufungia ukutani, au kile cha laini ya simu unachokinunua dukani, ndani yake wamebanana wafanyakazi watano: modemu inayozungumza na ulimwengu wa nje, ruta inayoamua njia, swichi ndogo (yale matundu machache ya nyuma), aksesi pointi inayorusha WiFi, na kiprogramu kinachogawa anwani kwa kila anayeingia. Chumba kimoja, adapta moja ya umeme. Wakiwa wazima hakuna anayejali nani ni nani. Mmoja akiugua, wote wanazimwa na kuwashwa pamoja, na ndiyo maana "zima, washa" husaidia mara nyingi bila kumfundisha mtu chochote.

Mimi nikitaka kuvitenganisha huuliza swali moja: ujumbe ukifika hapa, kifaa hiki kinausoma mpaka wapi? Ujumbe wowote kwenye mtandao ni bahasha iliyo ndani ya bahasha nyingine. Kuna vifaa visivyosoma chochote, vinapokea na kurusha. Vingine vinasoma bahasha ya nje tu. Na vipo vinavyochana ya nje, vikasoma ya ndani, kisha vikaandika ya nje upya. Ukishajua kifaa kinasoma wapi, umejua pia kinaweza kuharibika vipi.

Mzee wao ni habu. Siku hizi ukikutana nayo ni stoo, imejaa vumbi. Habu haisomi kitu. Umeme unaoingia kwenye tundu la kwanza inautoa kwenye matundu mengine yote, kama mpiga mbiu anayezunguka kijiji kizima kumtafuta mtu mmoja. Kila kompyuta inasikia kila neno, halafu inajitahidi kupuuza yasiyoihusu. Ndivyo Etherneti ilivyozaliwa. Mwaka 1973, Robert Metcalfe na wenzake wa maabara ya Xerox PARC kule California walizifunga kompyuta kwenye waya mmoja mnene zikaushiriki wote, na habu ilipokuja baadaye ilifanya kazi ileile ikiwa ndani ya boksi. Mbili zikisema kwa mpigo, maneno yanagongana na kuharibika, kila moja inanyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha inajaribu tena. Kwa kompyuta nne unavumilia. Zikifika thelathini, muda mwingi unapotea kwenye kugongana na kusubiriana. Zaidi ya hapo, jirani yako akiwa na programu ya kunasa anasoma kila ulichoandika, maana kilimfikia mezani kwake.

Habu ikamezwa na swichi. Kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Kalpana ilitoa swichi ya kwanza ya Etherneti mwaka 1990, na mwaka 1994 Cisco ikainunua kampuni yenyewe. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, boksi lilelile, matundu yaleyale. Tofauti yake ni kwamba swichi inasoma bahasha ya nje, ambayo mafundi tunaiita fremu, na ina kumbukumbu.

Turudi kwenye duka la mama, tuitazame ikifanya kazi. Umeme umerudi sasa hivi, swichi imewaka, haijui chochote. Kompyuta ya tundu la kwanza inatuma kazi kwa printa iliyo tundu la tano. Juu ya fremu kuna namba mbili za MAC, yaani namba za utambulisho wa vifaa vyenyewe, ya anayetuma na ya anayetumiwa. Namba hizi zina urefu wa biti 48, huandikwa kwa tarakimu na herufi kumi na mbili, na sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Swichi inaangalia kwanza namba ya mtumaji na kuiandika kwenye jedwali lake: huyu anakaa tundu la kwanza. Kisha inaitafuta namba ya printa. Haipo. Basi kwa mara hii moja inafanya kama habu, inatoa fremu kwenye matundu yote. Printa inajibu, na katika kujibu inajitambulisha: huyu yuko tundu la tano. Kuanzia hapo maongezi ya hao wawili hayamfikii mtu wa tatu. Kompyuta ya pili na ya tatu zinaweza kuzungumza zao wakati huohuo, kwa kasi yote ya waya, bila kugongana. Hakuna aliyeifundisha swichi. Imejifunza kwa kusikiliza nani anasema kutoka wapi, kama shangazi anayekaa barazani akaujua mtaa mzima bila kuuliza. Na kama shangazi wa kweli, anayenyamaza muda mrefu inamsahau: nyingi hufuta jina baada ya sekunde 300 za ukimya.

(Kwa wenye migahawa wanaomzuia mteja msumbufu kwa namba ya MAC ya simu yake: acheni. Tangu iPhone za iOS 14 na Android 10, simu kwa kawaida hutumia namba ya kubuni kwenye WiFi. Akiufuta mtandao wako na kujiunga upya, anaweza kurudi na namba nyingine.)

Swichi ina udhaifu mmoja nilioujua siku niliyoitwa kwenye ofisi fulani ambako mtandao mzima ulikuwa umekufa ghafla, saa nne asubuhi. Nilipofungua kabati la vifaa nilikuta taa zote za swichi zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka kama moyo wa mtu aliyekimbia. Mhudumu wa usafi alikuta waya unaning'inia sakafuni, na kwa wema wake akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Ncha ya pili ya waya huo ilikuwa tayari kwenye swichi hiyohiyo. Sasa kuna ujumbe ambao kompyuta hutuma kwa wote, mfano "nani mwenye anwani hii?", na swichi lazima iutoe kwenye matundu yote. Ukitoka upande mmoja wa ule waya unaingia upande wa pili, unatolewa tena kwa wote, unarudi tena. Fremu ya Etherneti haina kikomo cha umri, kwa hiyo inazunguka milele na kuzaliana, mpaka hakuna nafasi ya kingine. Dawa ilikuwepo tangu 1985, pale Radia Perlman wa kampuni ya DEC alipobuni utaratibu wa vifaa hivi kugundua mzunguko na kuufunga vyenyewe. Tatizo, swichi nyingi za bei ya chini zinazouzwa mitaani hazina utaratibu huo. Ile haikuwa nao. Nikachomoa waya mmoja mmoja, nilipoufikia ule, taa zikatulia.

Sasa swali linalowatatiza wanafunzi wengi: kama swichi ina akili hivi, ruta ya nini? Kwa nini tusiifunge dunia nzima kwenye swichi moja kubwa?

Kwa sababu namba ya MAC ni jina, na jina halikuambii mtu anakaa wapi. Ukiambiwa mpelekee mzigo Juma, hujui kama yuko Newala au Nungwi. Swichi ya dunia ingelazimika kukariri kila simu, kila televisheni na kila printa duniani, na kila ambapo haijui ingepiga mbiu kwa sayari nzima. Anwani ya IP ni kitu kingine. Ina sehemu mbili kama S.L.P., ila yenyewe huanza na eneo: sehemu ya mwanzo inataja eneo, sehemu ya mwisho inataja aliyemo. Ruta haihitaji kukujua wewe. Inahitaji kujua eneo lako liko upande gani.

Kazi hii inaanza kwenye kompyuta yenyewe. Tuseme ina anwani 192.168.1.20 na imeambiwa kwamba tarakimu za makundi matatu ya mwanzo ndizo mtaa. Ikitaka 192.168.1.30, tuseme ni printa, inaona huyo ni jirani, inaandika namba yake ya MAC kwenye bahasha ya nje na kumwachia swichi. Ruta haihusiki hata kidogo, ungeweza kuizima na kazi ikachapwa. Ikitaka 8.8.8.8, seva ya Google, inaona huyo si wa mtaa huu. Hapo inafanya ujanja: kwenye bahasha ya ndani inaandika 8.8.8.8, ila kwenye bahasha ya nje inaandika namba ya MAC ya ruta. Swichi inasoma ya nje tu, inaifikisha kwa ruta. Ruta inachana ya nje, inasoma ya ndani, inatazama orodha yake ya njia, inaandika bahasha mpya ya nje yenye jina la ruta inayofuata. Na hiyo nayo inafanya vivyo hivyo. Njiani bahasha ya nje inaweza kuchanwa na kuandikwa upya mara kumi au kumi na tano, lakini anwani ya unakokwenda inabaki ileile mpaka mwisho wa safari.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Kwenye Windows andika tracert 8.8.8.8. Karibu kila mstari unaotokea ni ruta moja iliyoichana bahasha yako, isipokuwa wa mwisho, ambao ni 8.8.8.8 yenyewe. Swichi ambazo ujumbe umezipitia, na zinaweza kuwa nyingi kuliko ruta, hutaziona hata moja, kwa kuwa hazikugusa bahasha ya ndani. Ruta hupunguza pia hesabu moja iliyoandikwa ndani, ambayo mara nyingi huanza na 64 au 128. Ikifika sifuri ujumbe unatupwa. Ndicho kile kikomo cha umri ambacho fremu ilikikosa pale ofisini.

Ruta ya nyumbani ni ya kijijini, inajua njia mbili tu: hawa ni wa kwetu, wengine wote tokea mlango ule. Ruta kubwa zinazobeba intaneti yenyewe hubeba karibu njia milioni moja. Na mahali zinapokutana, cha kuchekesha, kuna swichi. KIXP ya Nairobi, kituo ambacho watoa huduma wa Kenya hubadilishana mizigo, kiini chake ni swichi ambayo kila kampuni huchomeka ruta yake. Kabla kituo hicho hakijaanzishwa miaka ya mwanzo ya 2000, barua pepe ya kutoka mteja wa kampuni moja Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, pengine mtaa wa pili, ilipanda setilaiti ikaenda ng'ambo, ikashuka tena. Ruta zilikuwepo. Kilichokosekana ni pa kukutania.

Kuna kazi nyingine ambayo ruta ya nyumbani imebebeshwa, nayo imetokana na uhaba. Anwani za IP za mfumo wa zamani ni bilioni 4.3 tu, hazitoshi watu, sembuse vifaa vyao. Mwaka 1994 yakatengwa makundi ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyatumia ndani kwake, likiwemo lile la 192.168. Ndiyo maana ruta yako na ya jirani zote zinaweza kujiita 192.168.1.1 bila ugomvi. Ujumbe ukitoka nje, ruta inafuta anwani ya ndani na kuweka yake ya nje, inaandika kwenye daftari nani alituma nini, jibu likirudi inamkabidhi mwenyewe. Kwa intaneti nzima, nyumba yako yenye simu saba ni mtu mmoja. Mitandao ya simu hurudia mchezo huohuo kwa maelfu ya wateja kwa mkupuo. Fungua ukurasa wa ruta yako ya laini uangalie anwani yake ya nje. Ukikuta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue wewe nawe umewekwa nyuma ya ruta ya kampuni. Wanaofunga kamera za CCTV wanaujua uchungu huu: mteja anataka kuona duka lake akiwa safarini, fundi anahangaika siku nzima kufungua mlango wa kuingilia kwenye ruta ya duka, kumbe mlango uliofungwa uko kwenye jengo la kampuni.

Modemu haisomi bahasha. Yenyewe ni mkalimani wa mawimbi. Kompyuta inasema kwa sifuri na moja, waya wa simu ulijengwa kubeba sauti ya mtu. Waliotumia intaneti ya kupiga simu wanaukumbuka ule mlio wa kukwaruza. Zilikuwa modemu mbili zinasikilizana na kukubaliana lafudhi, na baada ya kelele zote hizo ulipata kilobiti 56 kwa sekunde, siku mstari ukiwa umeamka vizuri. Lugha ya nje imebadilika, ukalimani upo palepale. Ruta ya laini ina modemu inayozungumza kwa redio na mnara. Nyumba ya faiba ina kifaa kiitwacho ONT kinachogeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga.

Hii ya faiba inastahili tuisogelee, kwa kuwa wengi wanaamini ule uzi mwembamba umetoka kwa kampuni ukaja kwao peke yao. Kwa mfumo uliozoeleka wa GPON, uzi mmoja unatoka kituoni, unafika mtaani, unaingia kwenye kigawanyio kisichotumia umeme wowote, vioo tu, kisha mwanga uleule unatawanywa kwa nyumba 32 au 64. Mwanga unaoshuka una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, unaopanda ni 1310, kwa hiyo vinapishana kwenye uzi mmoja bila kugongana. Jumla ya kinachoshuka ni kama gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa mtaa wote. Kila ONT inapokea mwanga wa majirani zote, umefungwa kwa siri, na inachukua wa kwake tu. Ukiona taa nyekundu iliyoandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki: panya, greda la barabara, au mtu aliyeukunja uzi kwa pembe kali nyuma ya kochi. Hapo utazima na kuwasha ruta mpaka kesho.

Imebaki WiFi. Aksesi pointi, AP kwa mafundi, ni daraja kati ya hewa na waya, basi. Haitengenezi intaneti. Haichagui njia. Na hapa ndipo nilipo na neno langu: habu haikufa, ilihamia hewani. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja vinashiriki hewa moja, kinachosema ni kimoja, vingine vinasubiri. WiFi inajitahidi kuzuia mgongano kabla haujatokea, kwa kusikiliza kwanza na kungoja, lakini foleni iko palepale. Ukumbi wa watu mia wenye AP moja hautapona kwa kununuliwa bando kubwa, kama vile daladala iliyojaa haipungui abiria ukiipanulia barabara. Unahitaji AP zaidi, kila moja imeletewa waya wake kutoka kwenye swichi, na chaneli tofauti. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na mitaa yetu ya kubanana imezijaza zote. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa na kasi, ila ukuta wa bloku unaichosha haraka.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi "kuongeza WiFi" navishauri kwa shingo upande. Kila neno vinalisikia kisha vinalirudia kwenye hewa ileile, kwa hiyo vile vyenye redio moja hukata kasi kama nusu. Simu itakuonyesha mistari yote minne imejaa, na video itaganda. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati yako na kidude, haipimi kingine. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watu wa Tanzania na Kenya walikaa na WiFi iliyojaa mistari huku intaneti ikitambaa. AP zilikuwa nzima, swichi nzima, ruta nzima. Shida ilikuwa baharini, na usiku ule simu yangu haikupumzika kwa wateja waliotaka nije "niangalie ruta".

Kwa hiyo nikifika kwa mtu naanza kwenye kompyuta, kisha natembea kwenda nje. Anwani inayoanza na 169.254 ni ile ambayo kompyuta inajipa yenyewe ikimwita mgawa anwani na kukosa jibu. Basi shida iko kati ya kompyuta na ruta: waya, swichi, au ruta yenyewe. Kama anwani ni nzuri, naipigia ping ruta, yaani naitumia ujumbe mfupi nione kama itajibu, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, ndani kuko salama. Naipigia 8.8.8.8. Ikikataa, nageukia modemu, taa ya LOS, au bando. Ikikubali lakini tovuti hazifunguki, basi aliyelala ni mtafsiri wa majina, DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa anwani, na hilo ni somo la siku nyingine.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni la kinyume cha mama: watu wanaunganisha ruta mahali panapotaka swichi au AP. Mtu ana ruta ya zamani, anataka WiFi ifike chumba cha nyuma, anavuta waya kutoka ruta mpya na kuuchomeka kwenye ile ya zamani, tundu lolote la ndani lililo karibu. Sasa nyumba ina wagawa anwani wawili. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Simu moja inapewa mlango wa kutokea ulio sahihi, nyingine inaelekezwa kwenye ruta ya zamani ambayo haina pa kutokea, na kesho yake zinabadilishana. Hilo ni gonjwa la kukuzeesha, kwa sababu linakuja na kuondoka. Tiba ni dakika tano: zima ugawaji anwani kwenye ruta ya zamani, ipe anwani isiyofanana na ya mwenzake, waya uingie kwenye moja ya matundu ya ndani na si lile la WAN, la kwenda nje. Umeishusha cheo, imebaki swichi yenye antena.

Dukani kwa mama sikufanya hata hayo. Nilipima waya wa mita tano, nikauvisha vichwa, ncha moja nyuma ya ruta ya laini pale juu ya kabati, nyingine kwenye tundu lolote la swichi, kwa kuwa kwenye swichi ya aina ile matundu yote ni sawa. Nikaandika ipconfig /renew, kompyuta iombe anwani upya. 192.168.1.102. Google ikafunguka kwenye kompyuta zote nne.

"Kumbe ni waya tu?"

"Waya tu, mama."

Akahesabu matundu kwa kidole. Kompyuta nne, printa, ruta. "Mawili yamebaki. Binti wa saluni hapo jirani ananiomba kila siku nimpe WiFi. Si nimvutie waya, anilipe kwa mwezi?"

Nikamwambia waya utafika, kikomo ni mita mia moja na saluni haifiki hata ishirini. Ila binti wa saluni atakuwa kwenye mtaa mmoja na printa yake, na mteja yeyote wa kule anaweza kumchapia kurasa mia za rangi kwa wino wa dukani. Mama akaitazama printa, akaitazama swichi, kisha akaniuliza kama ipo swichi ya kuwatenganisha, na inauzwaje.